Mkanda Uliojiwasha

Mhandisi Othmani alirudi kutoka masomoni Ulaya mwaka 1978 na kisanduku cha chuma kisichozidi redio kwa ukubwa. Kisanduku hicho, alituambia, ni kompyuta, nacho kitaendesha kiwanda chetu cha chai huku juu ya Nyololo bila kutegemea akili za washamba. Mimi, Anyitike, fundi umeme niliyejifunzia kazi katika karakana za Mbeya, alinipa jukumu la kukipangusa vumbi.

Februari iliyofuata umeme ulikatika saa nne asubuhi. Budeba, Msukuma mpole aliyetokea Usangu, aliingiza mkono kwenye roli zinazozungusha mkanda wa kubebea chai, kutoa majani yaliyokwama. Umeme uliporudi, mkanda ukaanza kwenda kabla mtu hajagusa swichi. Baada ya sekunde tatu ulisimama wenyewe, lakini vidole viwili vya Budeba vilikwisha pondeka.

Othmani aliandika ripoti jioni ile ile: uzembe wa mfanyakazi, aligusa swichi. Swichi ilikuwa hatua sita kutoka pale aliponaswa.

"Labda aliigusa kwa pua," nikasema.

"Kompyuta haikosei, Anyitike. Wewe unajua nini zaidi ya kubadilisha balbu?"

Kweli nilijua kidogo. Basi nikachukua kitabu kilichokuja na kisanduku. Mtaalamu wetu hakuwahi kukifungua, kurasa zake zilikuwa bado zimegandana. Nilikisoma kwa kamusi siku tano, saa za chakula.

Jambo lenyewe halikuwa la ajabu. Kisanduku kilikuwa na lango la nyaya nane, zote zikipeleka habari kwa wakati mmoja, kila waya ikisema ndiyo au hapana: mkanda, feni, joto, na kadhalika. Lakini lango halizaliwi likijua kazi yake. Programu ndiyo inayoliambia waya ipi iseme na ipi isikilize. Umeme ukirudi, zote zinaanza kwa kusikiliza, hakuna inayosema. Programu ya Othmani ilikuwa inajikagua kwanza sekunde tatu ndipo itoe amri. Na saketi ya kuwasha mota, isiposikia kitu, ilichukua ukimya ule kuwa ndiyo, mpaka programu iseme hapana.

Nilipima kwa mita ya umeme mbele ya meneja. Nikazima umeme, nikauwasha: mkanda ukaenda sekunde tatu, ukasimama. Nikarudia mara nne. Kila mara ulikwenda.

"Ni bahati mbaya," Othmani akasema, akilegeza tai.

"Bwana Mhandisi, kama kosa ni la Budeba, weka mkono wako kwenye roli, mimi niwashe."

Meneja akamtazama. Othmani akaitazama mikono yake, ile laini isiyojua bisibisi, kisha akaificha mfukoni. Sijawahi kumwona mtu mwenye shahada akiwa mdogo hivyo.

"Sina muda wa michezo," akanong'ona.

Dawa ya hitilafu ile ilikuwa vipinga vinane, vijidude vya kuzuia umeme, kila kimoja kikiivuta waya yake chini kwenye sifuri, yaani hapana, mpaka programu iamue. Nilivichomea kwa solda adhuhuri moja, wakati Othmani amejifungia ofisini "akifanya utafiti". Nikazima na kuwasha mara ishirini. Mkanda haukutikisika.

Barua ya kumwachisha Budeba kazi ilikuwa imekwisha pigwa chapa. Meneja aliichana. Othmani aliandika ripoti nyingine kwenda makao makuu, kwamba yeye ameuboresha mtambo. Nilisaini kuwa nimeiona, kwa sababu kubishana na mtu wa namna ile ni kujichosha bure.

Budeba alirejea mwezi wa nne, bandeji bado mkono wa kulia, akapangiwa kupima majani mabichi. Nilimkuta mizanini.

"Mhandisi amekuomba radhi, ndugu yangu?"

"Jana alipita," akasema. "Aliniuliza kama nimepima vizuri."

Akatema mate pembeni, akasukuma kikapu kwa mkono wa kushoto, akamwita mchumaji aliyefuata kwenye foleni.