Bunduki ya Mkono Wenye Ganzi

Nahodha Kuramochi aliniambia nikunje mkono wa shati, nikaukunja. Palikuwa na alama tano nyekundu zilizojipanga kutoka kiwikoni hadi karibu na bega, kila moja kama punje ya mbaazi. Sikuwa na habari nazo. Wenzangu wa kikosi walikuwa wameketi kwenye meza za mapumziko, sahani za wali kwa mchuzi wa kari mbele yao, na hakuna aliyekuwa akitafuna.

"Tano, dada Chitose," akasema. "Umepigwa mara tano na ukaendelea kufyatua."

"Sikujua."

"Najua hukujua. Sasa nenda kawaeleze wale." Akaelekeza kidevu kwenye meza ya wapinzani wetu wa siku ile. "Wanasema tumeleta msukule."

Katika mchezo wetu wa vita vya bunduki za bandia hakuna damu wala mashine ya kuhesabu. Vigololi vya plastiki havichafui nguo, vinakugonga na kudondoka kwenye majani. Anayejua umepigwa ni wewe mwenyewe, na ni wewe unayenyoosha mkono juu, ukapaza sauti "Nimepigwa!" na kutoka. Hata bunduki yako ikipigwa, umepigwa. Asiyetoka ndiye msukule, keshakufa na bado anatembea. Katika misitu yote ya Chiba hakuna tusi linalolizidi hilo. Nimecheza miaka kumi na mmoja bila kuitwa hivyo, nikaja kuitwa siku ile, mbele ya watu wanaokula.

Kiharusi kilinipitia mwaka juzi. Kiliondoka na hisia zote za mkono wa kulia, kikaniachia nguvu zake. Ndoo nabeba, mlango nafungua, lakini ukinichoma sindano kwenye mkono ule utachoma mpaka uchoke. Nilikuwa fundi wa meno ya bandia kwa miaka ishirini na sita, na kazi ile haifanywi kwa vidole visivyohisi, kwa hiyo niliiacha. Niliiacha kimya kimya, kama mtu mzima. Mchezo huu sikuwa tayari kuuacha, si kimya wala kwa kelele.

"Mwezi ujao kaa mapokezi," nahodha akasema, kwa ile sauti ya upole inayoniudhi kuliko matusi. "Utugawie vitambaa vya rangi, utupige picha. Bado utakuwa mwenzetu."

"Mwezi ujao naingia uwanjani."

"Dada, utajuaje kwamba umepigwa?"

"Utasikia mwenyewe," nikamjibu. Wakati ule sikuwa na hata wazo moja kichwani. Nilikuwa na hasira tu.

Nilianza Jumatatu asubuhi, kwenye meza ya jikoni. Bunduki yenyewe ilikuwa ya kawaida, ya umeme, nyeusi tii kama za wenzangu. Nikaivua ganda. Nikajiambia kwamba kama mkono hauwezi kuisemea bunduki, basi bunduki iusemee mkono. Nikachonga ganda jipya la plastiki kuanzia kwenye mtutu hadi begani, lenye nafasi ndefu upande wa kulia ambamo mkono wangu unaingia wote, kama mguu ndani ya buti. Bomba la mashine ya kufagilia likawa mrija wa kupozea. Vifuniko vya chupa za shampuu vikawa vitufe vya kazi nisiyoijua. Lilipokaa sawa, lilikuwa silaha ya watu wa miaka mia tatu ijayo, watu waliopigana vita virefu na kushindwa mara kadhaa. Nililipenda hapo hapo.

Kisha nikalichakaza. Unapuliza rangi ya fedha kwanza, juu yake unapuliza dawa ya kushikiza nywele, halafu rangi ya kijani iliyokolea. Kabla haijakauka sawasawa unalowesha brashi kwa maji ya vuguvugu na kusugua, na kijani kinabanduka vipande vipande huku fedha ikichungulia. Wengi hubandua popote panapopendeza macho. Mimi meno yamenifunza. Mzee wa miaka sabini ukimpa jino jeupe pee, hata mjukuu wake atajua ni la uongo. Lazima ulitie doa la chai na ufa mwembamba, ulisage kidogo pale tu linapokutana na mwenzake. Basi nikabandua pale ambapo mkanda husugua, kiganja hushika, na ukingo hugonga mlango wa gari. Kwingine kote nikajizuia, na kujizuia ndiyo kazi ngumu.

Upande wa nje wa mkono nikapanga mabati kumi na mawili, mfano wa magamba ya samaki, niliyoyakata kwenye makopo ya biskuti za mchele. Kigololi kikigonga, bati lilie. Nikayapaka rangi zile zile, nikayachakaza vizuri, yakatoka ya kutamanisha. Nikaiegemeza bunduki mwisho wa korido, nikachukua ile ya akiba na kuifyatulia.

Pu. Pu. Pu. Ungedhani nagonga mto.

Nilikaa sakafuni nikacheka, halafu nikalia. Wiki mbili zilikuwa zimekwenda na maji. Nilikuwa nimeyabandika mabati juu ya sifongo yasikwaruze ganda langu zuri, nikayavika rangi matabaka manne. Nimeyapamba mpaka nimeyaziba mdomo! Fundi wa miaka ishirini na sita! Kesho yake nikayang'oa yote, nikayakwangua mpaka likabaki bati tupu, nikayaning'iniza kwa waya mwembamba wa meno, kila moja likimgusa jirani yake kidogo. Sikuyapaka chochote wala kuyachora mkwaruzo hata mmoja. Hayo niliwaachia wengine wayachakaze.

Nikafyatua. Tiiing!

Jirani wa chini akagonga dari yake. Nikafyatua tena.

Siku ya mchezo, Minori ndiye aliyenipokea langoni. Ni binti wa miaka ishirini na mitatu, mdogo kuliko wote kikosini, na mdomo wake hauna likizo.

"Lahaula! Shangazi, wewe umetoka sayari gani?"

"Ya wanaokubali wakipigwa."

Watu wakaangua kicheko. Nahodha hakucheka. Mwamuzi wa uwanja alipima kasi ya vigololi vyangu, akaona iko chini ya kikomo, akaigeuza bunduki huku na huku kama anayenunua tikiti maji.

"Mikwaruzo hii ni ya kweli?" akauliza.

"Ya hapa nimetengeneza. Ya kwenye mabati bado haijaja."

"Mchezo mmoja," akaingilia nahodha. "Akilalamika mtu mmoja tu, dada, unakwenda mapokezi. Sawa?"

Nikaichukua bunduki yangu mikononi mwa mwamuzi. Kwetu watu wote huchanganywa na kugawanywa upya kwa vitambaa vya rangi, na asubuhi ile niliangukia njano, yeye na Minori wakaangukia nyekundu.

Dakika ya nane nilikuwa nimelala nyuma ya mapipa, pembeni ya mianzi, nikamwona Kuramochi anapita hatua kumi na tano mbele yangu, mgongo wote wazi. Nikafyatua mara tatu. Niliviona vigololi vyote vikigonga ile fulana yake nene ya mifuko na kudunda. Nikangoja mkono wake upande juu. Haukupanda. Alinyata tu, akaendelea na safari yake.

Damu ilinichemka. Ningeweza kumpigia kelele, lakini kwetu hatufanyi hivyo. Kumwambia mchezaji mwenzio "umepigwa wewe" ni kumwita mwongo mchana kweupe, na kanuni hiyo nilifunzwa na Kuramochi huyo huyo siku yangu ya kwanza. Nikauma meno. Nilipojisogeza, jani likalia chini ya goti langu, akageuka, akanimiminia.

Tiiing! Ting!

"Nimepigwa!" nikapaza sauti, mkono juu, nikasimama. Ndani ya mianzi mtu akacheka, mwingine akapiga makofi. Nilitoka nikipita katikati ya njia, bila haraka. Sijawahi kufurahia kufa kama siku ile.

Kwenye meza za mapumziko nahodha alinijia amefungua mikono. "Safi sana, dada! Tumesikia sote. Hakuna wa kulalamika leo."

"Yupo," akasema Minori.

Tukamgeukia. Alikuwa ameiva uso, lakini hakurudi nyuma.

"Nahodha, wewe ulipigwa kwanza. Mgongoni. Nilikuwa hatua mbili nyuma yako, nimesikia. Tap, tap, tap."

Kuramochi akapeleka mkono mgongoni, akapapasa fulana. "Sikuhisi," akasema taratibu. "Wallahi sikuhisi kitu. Fulana hii ni nene." Kisha akanitazama. "Ulikuwa wewe? Mbona hukusema?"

"Hatusemeani, nahodha."

Nikangoja. Nilitaka nione nani atalitamka lile neno. Niliangalia meza ya kwetu, nikaangalia na meza ya pili, kwa wale walioniita msukule mwezi uliopita. Mmoja akasema fulana nene zina matatizo hayo. Mwingine akasema humtokea kila mtu. Neno lenyewe halikutamkwa, na yale mabati yakaanza kunielemea begani. Mwezi mzima nilikuwa nimekata, nimekwangua na kuning'iniza ushahidi, nikaja nao nimeuvaa kama mshtakiwa. Katika watu arobaini uwanjani, ni nani mwingine aliyetakiwa kuja na wake?

Honi ya mchezo wa pili ikalia. Watu wakaanza kujikusanya langoni. Nikaingiza mkono ndani ya ganda, nikavuta mkanda kwa meno mpaka ukakaza.

"Dada Chitose," nahodha akasema kwa sauti ya chini, "tulikubaliana mchezo mmoja."

"Ulikubaliana peke yako."

Nikampita. Langoni mwamuzi alikuwa akisoma majina ya kikosi chetu kwenye karatasi aliyoandikiwa na Kuramochi, na kila aliyetajwa alipita. Zamu yangu ilipofika akapitisha kidole juu, akakirudisha chini, akanitazama. Akamtazama nahodha nyuma yangu. Nami sikugeuka.

"Jina lako halimo humu, mama."

"Basi liandike," nikamwambia, nikaingia.