Wazazi wa Dirishani

Semina ya jiografia ya mwaka wa tatu ilikuwa Jumanne saa nne asubuhi, katika chumba ambacho feni yake haikuzunguka mpaka mtu aisukume kwa ufagio. Profesa Kokuberwa aliisukuma, akaurudisha ufagio nyuma ya mlango, akasema, "Mwanabaraka, leo zamu yako."

Mwanabaraka alisimama. Alikuwa binti wa Mtoni, mrefu, mwenye mtandio wa rangi ya samli. Kazi yake ilihusu mvua na mmomonyoko wa udongo kwenye miteremko ya Uluguru, na alikuwa ameiandika upya hadi karatasi zikaanza kulegea. Akafungua mdomo. Ikatoka sauti ya mwanamke mtu mzima, nzito kidogo, iliyozoea kushindana na kelele.

"Mihogo ya moto! Dada, usichague, yote imetoka karai moja. We Suhaib, hebu nisogezee huo mkaa."

Wenzake waliendelea kuandika tarehe juu ya karatasi zao. Mmoja alinong'ona kwamba amesikia njaa. Mwanabaraka akafunga mdomo, akasubiri, akajaribu tena, na safari hii akamkaribisha mteja kachumbari.

"Ni nani?" Profesa aliuliza.

Mwanabaraka akachukua chaki akaandika ubaoni: *Mama*.

"Kaa, mwanangu. Karatasi yako nitaisoma mwenyewe. Nani anafuata?"

Profesa Kokuberwa hakuwa mgeni wa mambo haya. Karibu kila mwaka alimpata mmoja au wawili. Kulikuwa na Daniel, mtoto wa fundi wa gereji wa Keko. Kila alipoingia chumba cha mtihani, mikono yake iligeuka ya baba yake, minene, yenye grisi kwenye kucha, na kwa kuwa mikono ile haikuwahi kushika kalamu, aliandika taratibu sana. Profesa alimwombea muda wa ziada, akamletea na sabuni. Kulikuwa na Demetria wa Wazo, ambaye baba yake alipakia mifuko ya saruji. Binti huyo aliacha nyayo za vumbi la kijivu kwenye ngazi za maktaba hata akiwa ametoka kuoga, na msimamizi wa maktaba akamkataza kupanda. Profesa alikuwa anamshushia vitabu.

Mwanzoni alidhani ni bahati ya mtu tu. Baadaye akaona kwamba yanawapata wale waliokuwa wa kwanza kwao kufika chuo. Watoto wa madaktari na mawakili waliingia na kutoka wakiwa na sauti zao na mikono yao. Aliwahi kulisema jambo hili kwenye kikao cha idara. Kikao kilikubaliana kuwa ni suala la afya, na zahanati ya chuo ikawa inawapa wanafunzi hao klorokwini.

Mwaka ule wa tisini na mbili chuo kilitangaza kwamba wanafunzi wataanza kuchangia gharama za masomo yao. Aliyeanguka mtihani wa mdomo hatarudia tena kwa gharama ya serikali. Mtihani wa mdomo ulikuwa mwisho wa muhula. Jumanne iliyofuata Profesa alimwachia msaidizi wake semina, akaendesha gari lake hadi Mtoni.

Alimkuta mama yake Mwanabaraka, Bi Zubeda, kando ya barabara ya Kilwa, nyuma ya karai. Alikuwa anageuza mihogo huku akieleza kwa Kiingereza, kwa sauti nyororo ya msichana, jinsi maji yanavyobeba udongo pale miti inapokatwa. Mbele yake alisimama mteja mmoja aliyekuwa anatikisa kichwa kwa heshima. Pembeni, kijana mmoja fundi baiskeli alikuwa anaziba pancha.

"Shikamoo, mama," kijana alisema. "Mie naitwa Suhaib. Saa hizi Bi Zubeda yuko chuoni. We onyesha kwa kidole tu, atakuwekea."

"Marahaba. Anarudi saa ngapi?"

"Jumanne hachelewagi. Saa tano anakuwa keshatoka."

Profesa alionyesha kwa kidole, akapewa mihogo, akakaa kwenye benchi akala. Saa tano Bi Zubeda alikohoa, akafuta midomo kwa ncha ya khanga, akamwuliza kwa sauti yake mwenyewe kama chumvi imetosha.

"Imetosha. Mimi ndiye mwalimu wa Mwanabaraka."

Bi Zubeda aliacha kijiko ndani ya mafuta. "Shikamoo, mwalimu."

"Sisi rika moja, Bi Zubeda. Tusalimiane salama."

"Salama basi. Karibu. Hata sina cha kukukaribishia, we mwenyewe ushakula." Akakaa karibu naye. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha nguo, na ndiko sauti ilikokomaa, maana kule aliyetaka kusikika alipaswa kuishinda mitambo. Kiwanda kilipopunguza watu alipunguzwa naye, akarudi nyumbani na sauti hiyo tu. "Mwalimu, nimemwibia mtoto sauti yake, eti?"

"Hujamwibia."

"Mie sikusoma. Nikimwona anatoka asubuhi na vitabu vyake, moyo wangu unatoka naye. Nikiutuliza haukai. Naona ndo unapita huko mdomoni." Alitazama karai. "Wewe haya hayakukukuta?"

Profesa alifuta vidole kwa kipande cha gazeti. Alisema kwamba baba yake alikuwa mchukuzi wa magunia ya kahawa kwenye gati la Bukoba, na kwamba siku ya mtihani wake, mbele ya walimu waliovaa majoho, alifungua mdomo ikatoka sauti ya baba yake ikiwaambia watu kwa Kihaya wapishe njia. Hakufungua mdomo tena siku ile. Walimpitisha kwa sababu ya maandishi.

"Na sasa je? Mbona unasema vizuri?"

"Alifariki mwaka uliofuata. Tangu hapo nina sauti yangu."

Lori lilipita. Bi Zubeda alingoja lipotelee mbali.

"Kwa hiyo mie nikifa, Mwanabaraka atasema vizuri," alisema. Alilisema kama mtu anayeuliza bei ya nauli, akijua atailipa.

"Hapana, mama Mwanabaraka. Usife. Njoo chuoni."

Mkuu wa idara, Dokta Romani, hakuwa mtu mbaya. Alimsikiliza Profesa hadi mwisho, kisha akasema kanuni zinaruhusu mtahiniwa mmoja tu chumbani.

"Mtahiniwa ni mmoja," Profesa alisema. "Vinywa ndivyo viwili. Mama atakaa pembeni tu."

"Viti vya pembeni ni vya wageni wenye shahada, Profesa. Sikutunga mimi."

"Huwa vinakaa vitupu."

"Najua. Mwambie asimame nje, dirishani. Kuhusu dirisha kanuni haijasema kitu."

Siku ya mtihani Bi Zubeda alifunga kibanda, akavaa baibui la sikukuu, akamwachia Suhaib karai lake. Alifika mapema mno, akasimama chini ya dirisha la chumba cha mtihani, kwenye njia ya changarawe ambayo watunza bustani walipita na toroli. Profesa alimletea kiti. Alikataa kukaa, akasema akikaa mbavu zinambana na mtoto hatasikika.

Ndani, mtahini aliyetoka nje ya chuo aliuliza swali la kwanza. Mwanabaraka alifungua mdomo, na chumba kikasikia sauti ya mama yake ikisema, "Ya Rabi, mtie nguvu." Wakati huohuo dirishani sauti ya Mwanabaraka ilianza kujibu. Ilijibu vizuri, kwa mpangilio, kwa Kiingereza kisicho na wasiwasi. Watahini waligeuza shingo wakaandika alama wakiwa wanatazama nje, ambako mwanamke wa baibui alisimama wima, macho ameyafumba, mikono ameishika tumboni. Swali la tatu lilipoulizwa Bi Zubeda alipaliwa na mate. Mtihani ulisimama. Profesa akapitisha glasi ya maji kati ya nondo za dirisha, Bi Zubeda akanywa, mtihani ukaendelea.

Baadaye mama na mtoto walikutana kwenye ngazi. Hakuna aliyejua aseme kwa sauti gani, kwa hiyo walishikana mikono kwanza.

"Tumefaulu?" Bi Zubeda aliuliza. Sauti ilikuwa yake.

"Mmefaulu," Profesa alisema.

"Maneno yale, mwalimu. Siyaelewi, ila nilikuwa nayasikia yanavyopita kwenye ulimi. Matamu. Kuna moja refu, limekaa mdomoni kama kashata." Alimgeukia binti yake. "Utanieleza nyumbani. Lile refu."

Kwenye mahafali liliitwa jina la Mwanabaraka peke yake. Alikwenda kufundisha sekondari ya Temeke, na mama yake aliendelea na mihogo. Baadhi ya siku walibadilishana sauti, baadhi ya siku hapana. Wanafunzi na wateja walizoea.

Habari za dirisha zilienea. Mwaka uliofuata walikuja wazazi wengine, mkulima wa Rufiji, mshona viatu wa Kinondoni, mama mmoja aliyekuwa kiziwi lakini aliyejibu maswali yote ya binti yake bila kukosea. Profesa alitengenezesha mabenchi. Alikuwa anawapikia chai ya tangawizi nyumbani kwake na kuileta kwenye chupa kubwa. Aliwafundisha kusimama karibu na nondo, kupumua kwa tumbo, kutoogopa majoho. Kila mwaka aliomba waruhusiwe kukaa kwenye viti vya ndani. Kila mwaka kikao kilimshukuru. Kisha, chuo kilipotakiwa kujitegemea, kikao kilipitisha ada ya dirisha. Baadhi ya wazazi walishindwa kuilipa wakabaki nje ya geti. Watoto wao waliingia chumbani wakauza samaki na kuswaga ng'ombe mbele ya watahini, wakaanguka. Profesa aliwalipia aliowaweza. Hakuwaweza wote.

Mtihani wake wa mwisho kabla ya kustaafu uliangukia kwenye mvua za elinino za mwaka tisini na saba. Barabara zilikuwa zimekatika na changarawe ya chini ya dirisha ilikuwa imekwenda na maji. Mtahiniwa wa mchana alikuwa Gladness, mtoto wa mlinzi wa usiku wa Kinondoni aliyeitwa Mzee Theonest. Mzee alikuja moja kwa moja kutoka lindoni, na koti lake refu na kofia ya sufu. Alilipa ada. Akasimama kwenye maji hadi kwenye vifundo, akashika nondo.

Ndani, Gladness alikuwa anauliza kwa sauti nene, "Nani hapo? Simama hapohapo." Nje, mzee wa watu alikuwa anaeleza kwa sauti ya binti wa miaka ishirini na mbili kwa nini mito hubadili njia. Mvua ilimpiga usoni na kuingia mdomoni. Alitema, akaendelea. Viti vya pembeni vilikuwa vitupu.

Profesa Kokuberwa alisikiliza kidogo. Halafu alifunika kalamu yake, akasukuma kiti nyuma, akachukua mwavuli.

"Unakwenda wapi, Profesa?" mwenyekiti aliuliza.

"Nje."

Alizunguka jengo, akaingia kwenye maji na viatu vyake, akasimama karibu na Mzee Theonest, akaufungua mwavuli juu yao. Mzee hakuweza kumshukuru, maana mdomo wake ulikuwa kazini. Alisogea kidogo tu, ili wote wawili waenee.