Fundi Cherehani Aliyeambiwa Arudi Nyumbani

Wenzake hospitalini walimwita Asilimia, kwa kuwa hakuna siku aliyowahi kukubali kitu "kinachokaribia". Kazi yake ilikuwa kuhakiki mionzi ya wagonjwa wa saratani kabla haijawagusa. Alilaza kitandani pipa la plastiki lililojaa vihisio vya kupimia mionzi, akaiacha mashine ilizunguke kama itakavyomzunguka mgonjwa, kisha akalinganisha dozi iliyofika na ile aliyoipanga daktari.

Jumanne moja ilikuwa zamu ya fundi cherehani, mama wa makamo mwenye uvimbe kooni. Kati ya pointi mia, themanini na saba tu zilikubaliana na mpango. Zilitakiwa tisini na tano. Akaliweka pipa sawa, akapima tena. Themanini na nane.

"Mama wa watu keshavua kilemba, anasubiri," mhudumu wa mashine alimwambia. "Tumepungukiwa saba tu, kaka."

"Nyingi zilizokosa ziko karibu na uti wa mgongo. Sisaini ng'o! Mwambieni arudi Jumatatu."

Kutoka pale hadi benchi la wagonjwa ni hatua ishirini. Hakwenda. Alishainamia kompyuta, na kusema kweli aliona haya kumkabili mtu aliyefunga safari bure. Ujumbe ukapitia kwa mhudumu, ukapitia kwa karani wa mapokezi, ukamfikia mama ukiwa mifupa mitupu: "Leo haiwezekani. Nenda tu nyumbani."

Ijumaa Asilimia alikwishagundua tatizo. Mpango uliyataka mabamba yanayochonga miale yafunguke na kujifunga haraka kuliko uwezo wake. Daktari akaurekebisha, kipimo kikatoa tisini na nane. Asilimia alipiga mluzi ofisini peke yake.

Jumatatu mama hakuja. Jumanne pia. Simu yake haikupatikana.

Aliletwa baada ya wiki saba, kashikwa mkono na mdogo wake wa kiume, sauti imebaki mnong'ono. Daktari alisema uvimbe umesambaa. Sasa ni mionzi michache ya kutuliza maumivu. Safari hii Asilimia alikwenda mwenyewe kwenye benchi.

"Shikamoo, mama. Mbona hukurudi ile Jumatatu?"

"Jumatatu ipi, mwanangu? Niliambiwa haiwezekani. Nikajua basi, yangu yamekwisha. Nikaenda kumalizia nguo za watu."

"Mashine ndiyo ilishindwa kuufuata mpango. Nilikuwa narekebisha dozi yako."

Mama alitikisa kichwa. "Ungeniambia, baba. Ningesubiri hata mwezi."

Mdogo wake aligeukia dirishani.

Mama alipata vipindi vitano, akaweza kulala bila kugumia kwa maumivu. Kabla mwaka haujaisha, alifariki.

Siku hizi kipimo kikikataa, Asilimia hatumi mtu. Huketi karibu na mgonjwa, akaeleza polepole, kisha akamwomba arudie alichosikia. Wengi humshukuru, wakamwombea dua. Yeye huitikia huku macho yakiwa sakafuni, akaondoka haraka.