Bondeni Ruka Mbili

Kwa heshima na taadhima, naomba ieleweke tangu mwanzo kwamba sikujitolea. Nilipofika nyumbani kwa likizo, mama alinifungulia mlango akiwa bado na sare yake ya dobi wa hospitali. Akanitazama kama anavyotazama kapu jingine la mashuka machafu, akasema, "Afadhali umekuja. Utakaa na mama yako mkubwa." Kisha akaketi na kusinzia palepale, viatu miguuni.

Nyumba nzima ilikuwa imechoka. Bomba la jikoni lilidondosha tone, likapumzika, likadondosha jingine. Pazia la sebuleni lilikuwa limechomoka upande mmoja na kuning'inia hivyohivyo, maana hakuna aliyekuwa na nguvu za kupanda kwenye stuli. Hata saa ya ukutani ilichelewa, na hakuna aliyeilaumu.

Mama mkubwa alikuwa kwenye kochi. Yeye ni dada yake mama, na kwa miaka mingi alikuwa fundi wa masweta ya shule. Sweta nililokuwa nimevaa lilitoka mikononi mwake, ndiyo maana lilikuwa limestahimili yote niliyolitendea, pamoja na siku niliyolitumia kuifunga kengele ya bweni isilie alfajiri. Mwanzoni mwa mwaka alipata kiharusi. Mguu ulirudi polepole. Maneno yalirudi haraka kuliko tulivyohitaji. Mkono wa kulia haukurudi. Ulilala mapajani mwake kama mgeni aliyekuja kusalimia akapitiwa na usingizi.

Mipango ilikuwa imeshapangwa. Mwisho wa likizo, siku ya Jumamosi, mwanawe ambaye ni dereva wa lori angekuja kumchukua akakae kwake. Mke wake alikuwa mjamzito, mtoto wa kwanza. Mama hakuwa na namna nyingine: mimi nikirudi bwenini na yeye akiwa kazini, nani angempa dada yake hata maji ya kunywa? Mama mkubwa alikubali, ila kwa sharti moja.

"Siendi mikono mitupu," alisema. "Nitashushwa pale kama godoro. Na hata godoro linafika na foronya yake."

"Dada, ni kwa mwanao," mama alisema macho yakiwa yamefumba.

"Kwa mwanangu na mke wake. Mke wake hajanizaa wala sijamzaa. Nitafika na blanketi la mjukuu. La mawimbi, la rangi zote. Nimeshalipanga kichwani."

"Na mikono utaitoa wapi?"

Mama mkubwa alinigeukia mimi. Mama naye akafumbua jicho moja, akanigeukia mimi. Nyumbani wananiita Wakili, kwa sababu tangu utotoni sijawahi kukubali kosa bila kukata rufaa. Siku hiyo sikupewa nafasi hata ya kujitetea.

Somo lilianza kesho yake, mama alipokwenda kazini. Mama mkubwa aliniagiza nilete beseni lake la nyuzi, mabaki ya masweta ya shule zote alizowahi kuzishonea: manjano, chungwa, kijani, bluu, zambarau, nyekundu iliyoiva. Akanikabidhi kulabu, ile sindano fupi yenye pua iliyopinda.

"Ishike kama kalamu."

Nikaishika kama kalamu.

"Hivyo ndivyo unavyoshika kalamu? Ndiyo maana ripoti yako iko vile."

Tulianza na mnyororo: kitanzi, vuta uzi upite ndani yake, kitanzi, vuta. Mpaka hapo hata mbuzi angeweza, na nilimwambia hivyo. Halafu yakaja mawimbi, na hapo nikaacha kuongea. Siri ya mawimbi ni hii, na namsimulia mwanafunzi mwenzangu yeyote atakayekamatwa kama mimi. Unafuma ukipanda, tundu kwa tundu. Ukifika kileleni mwa kilima, unaingiza mara tatu katika tundu moja. Halafu unashuka. Ukifika bondeni, unaruka matundu mawili, unaanza kupanda tena. Kilima kinaongeza, bonde linapunguza, na blanketi linabaki na upana wake. Ukisahau kilima, linasinyaa. Ukisahau bonde, linatanuka. Huwezi kuiba mahali bila mahali pengine kupiga kelele.

"Kileleni tatu, bondeni ruka mbili," mama mkubwa alisema. "Sema."

"Kileleni tatu, bondeni ruka mbili."

"Usiniambie mimi. Mwambie mkono."

Mkono haukusikia. Jioni ile mama aliporudi alikuta nimefuma kitu chenye umbo la feni iliyofunguliwa. Alikiinua, akakigeuza, akauliza kwa upole wa mtu asiye na nguvu za kucheka, "Mjukuu atakuwa na mabawa?"

"Amesahau mabonde," mama mkubwa alisema. "Fumua."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Unashika ncha ya uzi, unavuta, na kazi yako ya kutwa inateleza krrr na kurudi kuwa uzi, tena uzi uliokunjamana kama nywele zilizosukwa jana. Nilipokata rufaa kwamba kosa ni dogo na mtoto mchanga haoni vizuri, alisema fumua. Niliposema kosa liko mbali, mistari kadhaa nyuma, na limeshasamehewa na mistari iliyofuata, alisema fumua. Mwenyewe hakuhitaji hata kutazama. Alipitisha mkono wa kushoto juu ya blanketi, taratibu, akisimama pale pale nilipokuwa nimeiba.

"Hapa ulikuwa unafikiria nini?"

"Chakula."

"Fumua."

Shuleni nimekata nyasi, nimefagia uwanja, nimechota maji mpaka matroni mwenyewe akanionea huruma. Hakuna adhabu iliyonichosha kama ile. Nyasi ukizikata hazirudi mpaka mvua inyeshe. Shingo iliniuma, kidole cha shahada kikaota sugu, na nikifumba macho niliona vilima na mabonde vikienda bila mwisho. Tulikaa hivyo siku nzima, yeye kwenye kochi, mimi kwenye mkeka, tukipokezana miayo. Mama akirudi alikaa kati yetu, akajifunika miguu kwa kipande kilichokwisha kufumwa, na kabla sijamaliza mstari alikuwa ameshalala. Nikajikuta nafuma huku nikiogopa kuvuta uzi nisimwamshe.

Hata hivyo lilikua. Manjano, chungwa, kijani. Siku moja mama mkubwa alipitisha mkono wake juu ya mstari mzima wa bluu na asiseme neno. Nikasubiri.

"Vipi?" nikauliza.

"Vipi nini? Endelea."

Nisiwafiche, nilikwenda jikoni nikatabasamu mbele ya sufuria.

Alasiri iliyofuata alinituma sabuni. Dukani niliambiwa sabuni imekwisha, nikarudi mapema. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Mama mkubwa alikuwa kwenye kochi, amenipa ubavu, na nilidhani anajikuna. Hakuwa anajikuna. Alikuwa amekibana chini ya paja kipande kidogo cha kufuma, cha uzi wa kijivu, upana wa kiganja. Uzi alikuwa ameuzungusha kwenye vidole vya ule mkono uliolala, vikaushikilia kama misumari ukutani. Na kulabu ilikuwa katika mkono wa kushoto.

Ilikwenda vibaya. Ilichomoka, akalitafuta tundu tena, ikachomoka. Alipofanikiwa kuvuta kitanzi kimoja alipumua kama aliyepandisha gunia ghorofani. Mawimbi yake yalianzia upande usio wao na kulalia kusiko kwao, makubwa, legelege, mabaya kushinda feni yangu. Lakini kileleni aliingiza mara tatu. Bondeni akaruka mbili.

Halafu akapitisha kidole, akakuta kasoro, akajiambia kwa sauti ya chini, "Fumua." Akafumua.

Nikiwa mtu wa fitina kwa kipaji na kwa mafunzo, hapo nilikuwa nimeletewa sahani imejaa. Ningeingia na kumwambia, "Hapo ulikuwa unafikiria nini?" Nilikuwa nimeshaifungua hata midomo. Badala yake nilirudi nyuma mpaka kwenye geti, nikapiga chafya ya uongo iliyosikika mtaa mzima, nikaja nikiburuta ndala. Nilipoingia kipande kilikuwa hakipo, na kulabu ilikuwa juu ya blanketi nilipoiacha.

"Sabuni iko wapi?"

"Imekwisha."

"Kukutuma wewe ni sawa na kujituma mwenyewe."

Nikaketi mkekani, nikaichukua kulabu.

Ijumaa nilifuma mpaka vidole vikawa havijui kuwa ni vyangu. Jumamosi asubuhi, chai ikipoa, nilimaliza mstari wa mwisho, mwekundu, nikakata uzi nikapiga fundo. Tulilitandaza mezani. Mama, aliyekuwa ameomba ruhusa kazini, aliliangalia kwa muda mrefu. Mawimbi yalitembea kutoka pembe hadi pembe, kila rangi ikipanda na kushuka juu ya mwenzake. Mimi ndiye niliyelifuma, na bado nilitaka kuuliza limenunuliwa wapi.

"Limekwisha," nikasema.

"Limekwisha," mama mkubwa akasema. Akapitisha mkono wa kushoto, mstari kwa mstari, mpaka mwisho. Hakupata kosa. Nilidhani atafurahi. Mkono ulifika ukingoni ukabaki hapo, haujui pa kwenda.

"Sasa dada, huendi mikono mitupu," mama alisema.

"Ndiyo. Nitashuka garini, nitampa mkwe. Atasema asante mama, ataliweka kabatini lisichafuke." Akaukunja ukingo wa blanketi kwa kidole. "Halafu nitakaa kwenye kochi."

"Utapumzika."

"Nimepumzika vya kutosha tangu mkono huu ulipoanza kupumzika."

Mama alikuwa mtu aliyechoka mbele ya mtu aliyechoshwa na kupumzika, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na cha kumpa mwenzake. Nje gari likapiga honi. Kaka yetu dereva akaingia, mrefu, mwenye haraka, akasalimia, akabeba mfuko wa kwanza. Mama akamfuata na wa pili.

Tukabaki wawili na blanketi. Nilitazama fundo langu jekundu. Nilifikiria shingo yangu, na sugu yangu, na Ijumaa nzima. Naomba izingatiwe kwamba nilisita.

Kisha nikafungua fundo, nikashika ncha, nikavuta. Krrr. Mstari mwekundu ukaondoka. Nikavuta mwingine, na mwingine, mpaka wekundu wote ukaisha na zambarau ikabaki nusu.

"Wakili. Unafanya nini wewe?"

"Kuna kosa, mama mkubwa. Bonde la nne. Niliruka tundu moja badala ya mawili."

"La nne nililigusa mwenyewe. Lilikuwa sawa."

"Mimi mwanafunzi tu. Nilifundishwa kwamba kosa likionekana, unafumua."

"Na gari liko nje. Nani atalimalizia?"

Nilikuwa naviringisha uzi mwekundu kuwa bonge, polepole, nikiutazama uzi. "Sijui. Mtoto hajazaliwa bado, kwa hiyo hakuna haraka. Anayelimalizia anaweza kuanzia upande wowote. Hata upande usio wake."

Bomba la jikoni lilidondosha tone. Mama mkubwa alinitazama, na mimi nikaendelea kuviringisha, kwa bidii ambayo matroni hajapata kuiona kwangu.

"Sabuni ile," akasema mwishowe. "Ulirudi saa ngapi?"

"Sikumbuki."

"Mtoto wa watu una miguu myepesi."

"Na chafya kubwa, mama mkubwa."

Kaka akarudi kumsaidia kusimama. Akaona blanketi na uzi unaoning'inia. "Mama, halijaisha hili? Liache tu, mama mdogo atalimalizia, tutatuma watu walilete."

"Nani kakwambia liachwe? Lina kazi, linakwenda na mimi."

Nilichukua kulabu nikataka kuitumbukiza kwenye mfuko wake wa mwisho pamoja na mabonge ya uzi.

"Si huko," mama mkubwa alisema. Akanyoosha mkono wa kushoto, kiganja juu. "Hapa."

Tulimkalisha kiti cha mbele. Kaka alimfunga mkanda, akapachika blanketi mapajani mwake, na mkono wa kulia juu yake. Mimi ndiye niliyezungusha uzi kwenye vidole vile vilivyolala, kama nilivyoona, na yeye akaniacha bila kuuliza nimejifunzia wapi.

Gari lilipoondoka, mimi na mama tulisimama getini, tumeegemeana kwa uchovu, tukipunga. Mama mkubwa hakutupungia. Mkono mmoja aliokuwa nao ulikuwa na kazi.