Anayengojwa

"Fungua mdomo," Prisca aliniambia, akanizungushia kijiti cha pamba ndani ya shavu. Alikitia kwenye kichupa, akakiweka kando ya kichupa chake. Tulizaliwa siku moja hapa Ikolo, na sasa pacha wangu alikuwa mhadhiri, mimi mkulima wa kakao ninayepimwa mate uani kwetu.

Alikuwa akiandika kitabu juu ya utambulisho. Alinieleza nikiwa nageuza kakao kwenye sanduku la kuvundikia, mikono ikininuka siki. Watu wa maabara wangetuona mtu mmoja, maana tulitoka yai moja. Wanasheria hawana haja na mate, wao wanataka namba ya kitambulisho na alama za vidole. Wanafalsafa, alisema akicheka, bado wanabishana kama mtu wa jana ndiye wa leo.

"Na wewe unasemaje, Angetile?"

Nilisema majani ya mgomba hayatoshi kufunikia sanduku. Nilimwonea wivu, sifichi. Wivu wa viatu vyake, wa Kiswahili chake cha redioni, hata wa uchovu wake, maana wake uliitwa kazi.

Jioni alimwekea mama simu ya kurekodia mapajani. "Mama, unatutofautishaje?"

Mama hakufikiri hata kidogo. "Mbona rahisi. Prisca ndiye ninayemngoja."

Kitabu kilitoka mwaka jana, na jibu hilo limo, limesifiwa kurasa mbili nzima. Jioni ile mimi niliosha vyombo. Miaka kumi na minne nilikuwa nikimchemshia mama maji ya kuoga, na hakuna hata siku moja aliyoningoja.

Asubuhi yake sikugusa kakao. Nilipanda bodaboda hadi Kyela, kisha basi la Mbeya, simu nimeizima, sikumuaga mtu. Siku mbili nilikaa kwa Tuntufye, rafiki yangu wa shule, nikila na kulala kama mgeni, nikimwaza mama anavyochungulia njiani. Nilisikia raha, nitasema uongo wa nini?

Niliporudi, mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Bodaboda ilinishusha njia panda ya kwetu, nikamkuta mama chini ya kibanda cha muuza ndizi kinachovuja, ameketi kwenye kigoda, kanga imemganda mwilini.

"Ndaga, mwanangu," alinishukuru, kana kwamba nimemletea kitu.

"Prisca yuko wapi?"

"Ameondoka jana. Sikumsindikiza stendi. Ningekwenda huko, ungepita nisikuone." Akakohoa. "Kakao nimeigeuza mwenyewe, isiharibike."

Mgongo wa mama ulikuwa hauwezi hata kuinua sufuria ya maharage. Alijaribu kusimama, akashindwa, akakaa tena huku akitabasamu kwa aibu. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, na sikujua nikiweke wapi.

Nikachuchumaa, nikambeba mgongoni. Njia nzima alikuwa akiniuliza kama nimekula.