Kilo za Ntate Khoabane

Kwenye kituo cha mpakani, kabla ya daraja la mto Mohokare, Mosiuoa aliegesha pikapu, akashuka na kukanyaga pua ya tela kwa mguu wa kulia. Tela iliinama kidogo, ikarudi. Akaridhika. Jeneza la kaka yake Khoabane lililala mbele, uzito ukae upande wa gari, na magunia mawili ya unga wa matanga nyuma yake. Mizani ya mpakani ilisoma kilo mia tatu na arobaini.

Mjane, 'Mapuseletso, alibaki kwenye kiti, amejifunika blanketi, akisoma kwa mara ya nne karatasi ya daktari wa mgodi. Ilisema mapafu ya marehemu yalikuwa safi. Miaka ishirini na sita chini ya ardhi, miwili ya mwisho akilala ameketi kwa sababu pumzi ilikuwa haimtoshi, halafu mapafu safi. Alikuwa bado analitazama neno hilo gari lilipovuka daraja. Anayemsindikiza maiti humwambia kwenye kila mto: sasa tunavuka, twende pamoja. Yeye ndiye aliyepaswa kusema. Hakusema.

Walipopita mji wa Butha-Buthe, gari lilianza kuvutwa nyuma. Mosiuoa akaingiza gia ya pili, ingawa barabara ilikuwa tambarare.

"'M'e 'Mapuseletso, umepakia nini huko nyuma, kanisa zima na mchungaji wake?"

"Nimempakia kaka yako. Endesha."

Ndipo wakaisikia kutoka kwenye tela mashine ya kutobolea mwamba, ikinguruma bila kupumzika.

Chini ya mlima Moteng, askari wa barabarani aliwasimamisha na kuipima tela. Kilo elfu moja na mia sita. Akaandika.

"Mmebeba nini?"

"Mume wangu. Alikuwa mgodini."

Askari aliweka sikio kwenye jeneza. Vumbi la kijivu, laini kama unga, lilikuwa likitoka kwenye maungio ya mbao.

"Huyu bado yuko kazini," akasema. "Mlimwambia mlipovuka Mohokare?"

'Mapuseletso akainamisha kichwa.

"Basi hajui kama ametoka. Baba yangu alifika kutoka mgodini na kilo mia tisa, na mwembamba vile! Lakini huko juu kuna theluji, 'M'e. Mkiteremka na mzigo huu, tela ndiyo itakayowaendesha ninyi. Limwageni hilo vumbi hapa."

"Hayo ndiyo mapafu yake," alisema 'Mapuseletso. "Tutakwenda nayo. Wewe nigongee mhuri kwenye karatasi ya mizani."

Askari akagonga. Mjane akapiga magoti barabarani kando ya tela.

"Ntate Khoabane, zamu imekwisha. Mohokare tumeshauvuka, nisamehe, nilikuwa nasoma. Weka mashine chini, baba. Twende nyumbani."

Mashine ikanyamaza. Kikasikika kikohozi, kile kile cha kila alfajiri.

Walifunga minyororo kwenye matairi, wakapanda polepole. Shida ilikuja kwenye mteremko wa upande wa pili. Theluji ilikuwa imeganda, na vumbi lote lilikuwa limeporomokea miguuni mwa jeneza, upande wa nyuma. Tela ikaanza kutupa mkia huku na huku, kila mara ikikaribia zaidi ukingo wa korongo. Mosiuoa aliondoa mguu kwenye mafuta, akashika usukani umenyooka. Breki hakuigusa.

"Omba, 'M'e!"

"Naomba. Wewe usikanyage kitu."

'Mapuseletso akafungua dirisha. "Ntate, sogea mbele. Kona ya kulia, kali."

Kule nyuma kitu kizito kikajikokota hadi mbele. Pua ya tela ikakaa, mkia ukatulia. Kona baada ya kona alimtajia, na kila mara alimsikia akihama, taratibu, kama alivyokuwa akimpisha kitandani. Milima ilisimama myeupe pande zote, haina sauti. 'Mapuseletso akavua kitambaa kichwani, akakumbuka kwamba hivyo hufanya wanaume kanisani, akakivaa tena. Alikuwa hajui lingine la kufanya mbele ya utukufu kama ule.

Walimzika Jumamosi. Jeneza lilibebwa na wanaume arobaini, wakipokezana.

Jumatatu 'Mapuseletso alituma mgodini karatasi ya mizani yenye mhuri. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Walimpa pole, wakasema mapafu ya marehemu yalikuwa safi. Aliiweka barua ndani ya Biblia.

Mwezi uliofuata mgodi ulimpigia simu jirani: mwanawe naye amefia huko, akachukuliwe. Mosiuoa akaivuta tela uani, akatoa springi zake na kufunga za lori. 'Mapuseletso alimshikia spana.

"Mito mingapi?" aliuliza yule jirani, akipanda garini.

"Mmoja tu ndio mkubwa," alisema 'Mapuseletso. "Ile karatasi watakayokupa, usiisome mpaka mvuke."

Mosiuoa akakanyaga pua ya tela, akaridhika, wakaondoka.