Pumzi Kabla ya Kiitikio

Katika chumba cha kurekodia kulikuwa na viti viwili, na hakuna aliyethubutu kukitoa kimoja. Fundi wa sauti alikizunguka tu, akijibana ukutani na kitambi chake ili afikie kipaza sauti, mpaka mwimbaji akacheka kidogo. Kilikuwa kiti cha dada yake. Dada alirekodi sehemu yake yote kabla ya maradhi kumchukua. Sehemu ya mdogo wake, mwimbaji huyu, ndiyo iliyobaki, na mama yao aliomba jambo moja tu: awasikie wote wawili ndani ya wimbo huo.

Tatizo lilikuwa kuingia. Kila sauti ya dada ilipojaa kwenye hedifoni, mdogo alifungua kinywa akiwa ameshachelewa. Akarudia, akachelewa tena. Ameimba tangu hajaota meno, leo anababaika kama mgeni.

"Starehe kwanza," fundi alisema. "Vua viatu. Kunywa maji, yasiwe ya baridi. Na mabega yashushe, binti, hatubebi magunia hapa."

Akavua viatu, akashusha mabega, akachelewa.

"Fundi, pumzi yake iko wapi?"

"Pumzi gani?"

"Dada alikuwa anavuta pumzi kabla ya kiitikio, kwa nguvu, kama mtu anayetaka kupiga mbizi. Mimi sihesabu mapigo, sijawahi. Nikimsikia anavuta, naingia."

Fundi akasema, "Nilizifuta zote. Ndivyo tunavyosafisha wimbo. Na ile rekodi ya mwanzo sikuitunza."

Hasira ilimpanda mwimbaji, ikashuka, ikabaki huzuni tupu. Dada alikuwa ameondolewa mara ya pili, na mtu mwema, kwa nia njema.

"Samahani, binti. Hebu acha sikio moja wazi," fundi alisema taratibu. "Wengine huwasaidia."

Aliacha wazi sikio la kulia, upande wa kile kiti. Taa ikapunguzwa. Sauti ya dada ilikuja kushoto, ikapanda, ikakaribia pale pagumu. Mdogo alikuwa amejaza kifua mapema, akaibana pumzi kwa woga. Ndipo upande wa kulia, karibu kabisa na shavu lake, mtu akavuta pumzi kwa nguvu.

Hakugeuka. Aliimba.

Walipousikiliza pamoja kwenye mitambo, fundi alitabasamu. "Umeingia sawasawa. Ila hapa umevuta pumzi kwa kishindo. Nitaisafisha."

"Mimi pumzi yangu nilikuwa nimeibana, fundi."

Fundi akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Kidole chake kilibaki juu ya kitufe.

"Iache," alisema mwimbaji. "Mama ataijua."

Alirudi ndani kuchukua viatu vyake. Mlango wa chumba kile ni mwembamba, hauwapitishi wawili, na siku zote dada ndiye aliyetangulia. Alipofika kizingitini alijibana pembeni, viatu mkononi, akasubiri kidogo. Kisha naye akatoka.